Kabati la mninga la zamani: ununue steini, laka au rangi?

Kabla hujatoa hela dukani, tafuta pamba na spiriti. Sugua kidogo mahali pasipoonekana, chini ya meza au nyuma ya kabati. Mng'ao ukilainika na pamba ikatoka na rangi ya kahawia, mbao hiyo ilipigwa polishi ya zamani, ile ya kusugulia kwa kitambaa. Isipobadilika, jaribu tina, ile ya kuzimulia laka, pembeni yake. Ikiyeyuka ikawa majimaji ni laka ya kupuliza, ule mpako mwangavu unaokauka haraka. Ikikunjamana kama utando wa maziwa ya moto, ni vanishi au rangi ya mafuta.

Jaribio hilo la dakika 5 ndilo litakaloamua ununue nini. Nasema hivyo kwa uchungu. Kabati la vyombo la mama, hapa Moshi, lilikuwa na rangi ya mafuta ya miaka mingi. Duka moja likaniuzia laka nipulize juu yake, nikaambiwa inashika popote. Kufika jioni mlango mzima ulikuwa umevimba mikunjo. Tulikwangua siku 3. Tina iliyomo kwenye laka huamsha rangi ya mafuta iliyo chini na kuinyanyua. Vanishi ya mafuta juu ya laka ya zamani iliyopigwa msasa haina shida hiyo; taabu ni kupanda laka juu ya mafuta.

Jambo la pili ni kujua mbao yenyewe. Vitu vingi vya zamani katika nyumba za huku ni mninga, mkamfa, mtiki au loliondo, na mbao hizo ukizifunika kwa rangi nyeupe unapoteza kitu ambacho hutakipata tena kwa urahisi. Msitu wa asili wa Mlima Kilimanjaro, unakoota mkamfa, uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, kwa hiyo kabati la mkamfa uliloachiwa na bibi halina mbadala wa kwenda kukata mlimani. Msaiprasi, mpaina, mkaratusi na plaiwudi ni habari nyingine, hizo paka rangi bila kusita.

Sasa niseme ninavyozipanga.

1. Steini, halafu vanishi ya poliyurethani ya mafuta

Kwa meza ya chakula, viti na kabati la mbao nzuri, hii ndiyo ninayoiweka juu, hasa kama unafanya mwenyewe kwa brashi. Steini huingia kwenye nyuzi za mbao na kuipa rangi, ila hailindi chochote. Kazi ya kulinda ni ya vanishi. Nunua kopo dogo kabisa la steini na ujaribu kwenye ubavu wa ndani uliokwisha kupigwa msasa, kwa sababu rangi unayoiona kwenye kifuniko haitafanana na itakavyotoka kwenye mbao yako. Mninga mara nyingi hauhitaji steini kabisa: ukishafika kwenye mbao safi, vanishi peke yake huirudisha ile dhahabu yake. Mtiki una mafuta ya asili, ufute kwa tina na uanze kupaka mara tu inapokauka.

Vanishi ipigwe mikono 3, yaani tabaka 3. Mkono wa kwanza zimua kidogo kwa tapentaini unywee, kisha subiri saa 24 na upitishe msasa namba 320 kwa wepesi kabla ya kila mkono unaofuata. Lita 1 hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo meza ya watu 6 haihitaji galoni, hata muuzaji akikubembeleza. Chukua ya nusu mng'ao. Ile inayong'aa sana huonyesha kila bonde ulilolipita kwa msasa.

2. Sila na laka ya kupuliza

Sila ni mpako wa kwanza wa kuziba vinyweleo vya mbao, laka huja juu yake. Kwa uzuri wa macho njia hii inaishinda ya kwanza. Hukauka kwa dakika chache, fundi anamaliza mikono yote kwa siku moja. Lakini inahitaji kompresa na fundi mwenye mkono, na kikombe cha chai ya moto huiachia alama. Halafu kuna hali ya hewa yetu: masika, Machi hadi Mei, unyevu hunaswa ndani ya laka na kuacha ukungu mweupe. Fundi akikuambia tungoje jua, mngoje.

3. Rangi ya mafuta

Hii ni ya msaiprasi na mpaina, au kitu kilichozibwa viraka vingi. Usiruke praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha. Vifundo vya mpaina hutoa utomvu na kutia doa la njano juu ya rangi, vizibe kwanza kwa polishi ya shelaki, ileile polishi ya zamani ya kusugulia kwa kitambaa.

4. Rangi ya maji

Haina harufu kali, inafaa kitanda cha mtoto, mradi iwe iliyotengenezwa kwa mbao. Ile ya ukutani hubaki na unato: vitabu hugandana na rafu. Na juu ya mninga, rangi nyeupe ya maji isiyo na praima ya kuzuia madoa huweza kupata wekundu unaopenya kutoka chini.

5. Vanishi yenye rangi ndani yake

Inauzika sana kwa kuwa ni kopo moja. Mimi siinunui. Rangi yake hukaa juu badala ya kuingia, kila mpishano wa brashi huonekana, na mkwaruzo mmoja unaonyesha mbao nyeupe.

Hela iliyobaki weka kwenye msasa: namba 80 kwa kukwangua, 120, kisha 180, umalizie na 220, daima kufuata nyuzi. Kama rangi iliyopo ni ya miaka mingi sana, isugue ikiwa na maji na watoto wawe mbali, kwani rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Ukitumia mafuta ya kitani (linseed) kupaka mbao, usikunje matambara yake na kuyatupa stoo. Hupata joto yenyewe na kuwaka moto. Yatandaze nje yakauke.

Ndani ya droo za mkamfa usipake kitu chochote. Piga msasa mwepesi tu, na ile harufu yake ya kafuri itarudi.