Uzoefu wangu: nimejifungulia kituo cha afya, si hospitali ya mkoa

Mama mkwe hakufurahi. Kwake yeye hospitali ni ile yenye madaktari wengi, basi. Lakini mtoto wa kwanza nilimzalia huko mkoani, tukalala wazazi wawili kitanda kimoja, mume wangu akaishia getini.

Safari hii nilienda kituo cha afya cha kata mapema na maswali yangu. Chumba cha upasuaji kinafanya kazi usiku? Damu ipo? Gari la rufaa linakaa wapi? Ndugu anaruhusiwa kuingia leba? Mkunga alijibu yote, akanionyesha mpaka friji ya damu. Kina dada, ulizeni damu kabla ya kusifia mapazia, maana kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua wengi wetu.

Siku yenyewe wifi yangu aliingia nami leba. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanashauri mzazi awe na mtu wake, ila kwenye wodi zetu zilizojaa ni bahati. Nilitembea, nikanywa chai ya rangi, uchungu ukizidi naegemea dirisha wifi ananisugua kiuno. Nikasema sitaki kulala chali, nataka kupiga magoti. Mkunga akacheka, "haya mama, kitanda ni chako." Mtoto alipotoka aliwekwa kifuani kwangu na utando wake mweupe, kitovu hakikukatwa papo hapo, nami nikachomwa sindano ya paja ya kuzuia damu.

Kasoro zipo. Kujifungua sikulipa hata senti, lakini hiyo "bure" inakuja na orodha: glovu, pamba, nyembe, vibana kitovu, mpira wa kutandika, beseni, kanga. Choo kiko nje na usiku hakuna taa. Chakula ni cha kuletewa. Bila mtori wa shangazi ningelala njaa.

Nawapa nyota nne. Ila mwenye kovu la upasuaji, mapacha au presha asinifuate mimi, aende hospitali kubwa hata kama atabanana kitandani. Na mlio mbali na barabara, wekeni 115 kwenye simu, ni namba ya bure ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga hapa Tanzania. Ukipata dharura, ambulensi ikiwa mbali wanatuma dereva wa jamii, na nauli yake hulipi wewe.