Plasta, chingamu na vidonge vya kuachia sigara: kipi kinamfaa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio

Karatasi iliyomo ndani ya pakiti ya plasta za nikotini huwa na onyo: mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio amwone daktari kabla ya kutumia. Wengi wakishalisoma huifunga pakiti, huiweka kando, na sigara inaendelea kama kawaida. Onyo ni la haki. Uamuzi wanaoufikia ndio wenye hatari, kwa sababu wamekimbia nikotini inayopenya ngozi taratibu wakabaki na ile inayoingia kwa moshi. Aliyekuwa anamaliza pakiti ya sigara kwa siku, akaacha na kubandika plasta, hajiongezei nikotini. Anaipunguza.

Tunachokizungumzia hapa hasa ni mtetemo wa atria, maradhi ambayo vyumba viwili vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kubana na kusukuma damu kwa pamoja. Damu ikituama humo inaweza kuganda, bonge likasafiri hadi kwenye ubongo, na hicho ndicho kiharusi. Moshi wa sigara unachangia kila hatua ya safari hiyo. Nikotini ya moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, adrenalini inamwagika, moyo unaanza kukimbia. Kaboni monoksaidi inakalia nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu, na chembe zinazogandisha damu zinanatana kwa urahisi zaidi. Plasta haina moshi wala kaboni monoksaidi. Nikotini yake hupanda kwa saa kadhaa, na kiwango chake katika damu kwa kawaida ni kama nusu ya kile cha mvutaji.

Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 584 wenye maradhi ya moyo na mishipa, waliopewa plasta ya nikotini au plasta tupu kwa wiki 10. Waliopata nikotini hawakuwa na matukio makubwa ya moyo mengi kuliko wenzao. Jambo ambalo uchambuzi wa tafiti nyingi umeliona likiongezeka kwa bidhaa za nikotini ni moyo kudunda na kwenda mbio, na mara nyingi hauishii pabaya. Hata hivyo, kwa mtu ambaye moyo wake tayari unaruka mapigo, hilo si dogo, na ndiyo maana kipimo na namna ya kutumia vina uzito kwake kuliko kwa mtumiaji mwingine yeyote.

Tukianza na plasta, hiyo ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Zile za saa 24 huja kwa miligramu 21, 14 na 7. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na 21 kwa wiki 6, anashuka hadi 14 kwa wiki 2, anamalizia na 7 kwa wiki 2. Wa sigara 10 au pungufu huanza na 14 kwa wiki 6, kisha 7 kwa wiki 2. Zipo pia za saa 16, kama Nicorette ya miligramu 25, 15 na 10. Usichanganye mifumo hii miwili kwa kufuata namba tu, yaani kutoka 25 ya saa 16 kwenda 14 ya saa 24 kana kwamba ni ngazi moja. Nicotinell nayo huandikwa TTS 30, 20 na 10, namba ambazo ni ukubwa wa plasta kwa sentimita za mraba. TTS 30 hutoa miligramu 21.

Ngozi iwe safi, kavu, isiyo na nywele nyingi wala mafuta. Plasta inayobanduka mchana kutwa mara nyingi ilibandikwa juu ya losheni. Ikandamize kwa kiganja kwa sekunde 10, nawa mikono, kesho uhamie sehemu nyingine, na usirudi palepale kabla ya siku 7, la sivyo ngozi itawasha na kuwa nyekundu. Mgonjwa wa mapigo tunamshauri abandike sehemu ya juu ya mkono badala ya kifuani, kwa sababu kifuani ndiko vinakokaa vibandiko vya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na siku daktari akiamua kuurudisha moyo kwenye mpangilio kwa shoti ya umeme, plasta iliyo chini ya bamba la umeme inaweza kuunguza ngozi. Ibandue pia kabla ya kipimo cha MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, kwani baadhi ya plasta zina utando wa alumini unaoweza kupata joto na kuunguza ngozi. Joto huongeza nikotini inayoingia, hivyo usiweke chupa ya maji ya moto juu yake, na ukioga maji ya moto sana usishangae moyo ukienda kasi.

Usiku ndio tatizo kubwa la plasta ya saa 24. Huleta ndoto kali na usingizi wa vipande, na kukosa usingizi kunaweza kuamsha mtetemo wa atria. Dawa yake ni rahisi: ibandue unapokwenda kulala, au chagua ya saa 16. Gharama yake utailipa asubuhi, maana plasta mpya inahitaji saa kadhaa kufikia nguvu yake, na hamu ya sigara ya kwanza ndiyo kali kuliko zote. Ziba pengo hilo kwa kidonge cha nikotini cha kumung'unya. Plasta pamoja na bidhaa ya haraka, kama kidonge hicho au chingamu, huwafanikisha watu wengi zaidi kuliko mojawapo peke yake, na daktari akikubali, huo ndio mpango tunaoupendekeza. Ukiteleza ukavuta sigara moja, usiitupe plasta. Endelea nayo.

Chingamu ya nikotini inaangushwa na watumiaji wake wenyewe, kwa kuitafuna kama chingamu ya kawaida. Nikotini inakusudiwa kupenya kwenye ngozi ya ndani ya shavu. Tafuna taratibu mpaka usikie mwasho wa pilipili, ibane kati ya shavu na fizi mpaka mwasho utulie, kisha tafuna tena, hivyo kwa karibu nusu saa. Ukiitafuna kwa pupa unameza nikotini, nayo inaishia tumboni ikikuletea kwikwi, kiungulia na kichefuchefu, na hamu ya sigara haijaguswa. Kahawa, juisi na soda huleta asidi mdomoni inayozuia nikotini kupenya. Acha dakika 15 kabla, na usinywe chochote ukiwa nayo mdomoni. Ya miligramu 4 ni ya yule anayewasha sigara ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, wengine watumie ya 2. Mwisho ni 24 kwa siku, lakini mwenye plasta mwilini hana sababu ya kuukaribia.

Kidonge cha kumung'unya kina nguvu zilezile na hufuata kanuni ileile ya asidi. Hakitafunwi, kinaachwa kiyeyuke kwa dakika 20 hadi 30, na kisizidi 5 ndani ya saa 6 wala 20 kwa siku. Kwa mgonjwa wa moyo tunakipenda kuliko chingamu, kwa kuwa ni vigumu zaidi kukikosea.

Sasa jambo ambalo pakiti nyingi hazilisemi. Moshi wa sigara huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini, na kinachochea ni lami iliyo kwenye moshi, si nikotini. Ukiacha, ndani ya siku chache ini linapunguza kasi, na kiasi cha kafeini katika damu kinaweza kufika mara mbili kwa vikombe vilevile. Mtu anabandika plasta, anaendelea na kahawa yake kama zamani, siku ya nne moyo unadunda, analaumu plasta na kuirudia sigara. Punguza kahawa na vinywaji vya kuchangamsha kwa nusu tangu siku ya kwanza, ndipo uihukumu plasta.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo huguswa na badiliko hilo, kwa kiasi kidogo lakini cha kutosha kupandisha INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda. Mwambie daktari tarehe ya kuacha na upime INR wiki ya kwanza na zinazofuata. Usiruke dozi kwa kuhofia, kwa sababu dawa ya kuzuia damu kuganda ndiyo inayokukinga na kiharusi. Tena, mapigo hushuka baada ya kuacha. Kwa anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo kama bisoprolol, metoprolol au digoksini, hiyo ni habari njema mpaka kizunguzungu kinapoanza, na hapo dozi inahitaji kuangaliwa upya.

Vareniklini, dawa ya vidonge ya kuachia sigara, ndiyo tunayoiweka juu kwa mvutaji mkubwa ambaye plasta zimemshinda. Haina nikotini, inashika vipokezi vya nikotini kwenye ubongo na kuvichangamsha nusunusu, hivyo arosto inapungua na sigara haina tena utamu wake. Siku 1 hadi 3 ni miligramu 0.5 mara moja, siku 4 hadi 7 ni 0.5 mara mbili, kuanzia siku ya 8 ni 1 mara mbili, mpaka wiki 12 zitimie. Sigara ya mwisho hupangwa kabla ya siku ya 8. Imeze baada ya chakula na bilauri nzima ya maji, kwa sababu kichefuchefu ndicho kinachowafanya wengi waiache, hasa wanaoimeza tumbo likiwa tupu. Utafiti wa EAGLES wa mwaka 2016, wenye washiriki zaidi ya 8,000, uliiona ikishinda plasta na bupropioni, kidonge kingine cha kuachia sigara, na ufuatiliaji wa upande wa moyo uliochapishwa 2018 haukuona matukio makubwa ya moyo yakiongezeka. Kwa mgonjwa wa mapigo ina faida nyingine: hutoka kwa figo karibu yote bila kuvunjwa na ini, kwa hiyo haigombani na warfarini wala digoksini. Figo zikiwa dhaifu sana, dozi hupunguzwa.

Bupropioni tunaitilia shaka kwa kundi hili. Inaweza kupandisha presha na haimfai mwenye kifafa, lakini kubwa zaidi ni kwamba inaziba kimeng'enya kinachovunja metoprolol, pamoja na flekainaidi na propafenoni, dawa za kutuliza mapigo. Metoprolol ikijikusanya, moyo unapiga polepole mno. Flekainaidi na propafenoni zikijikusanya, dawa ya kutuliza mapigo inaweza yenyewe kuyavuruga. Kama unatumia mojawapo, mfamasia alijue hilo kabla hajakupa. Sitisini, kidonge kingine cha kuachia sigara kinachotumiwa kwa siku 25, karatasi yake inaikataza kwa mwenye mvurugiko mkubwa wa mapigo, basi usiinunue bila kauli ya daktari wa moyo. Sigara za kielektroniki hatuzipendekezi hapa: nikotini yake huingia kwa mapafu, haraka, na kiasi kinategemea kifaa na namna ya kuvuta, wakati mgonjwa huyu anahitaji dozi inayojulikana.

Chochote utakachochagua, pima mapigo asubuhi na jioni kwa wiki mbili za kwanza. Hesabu sekunde 60 kamili. Kuhesabu 15 na kuzidisha kwa 4 hudanganya mapigo yakiwa hayana mpangilio. Presha ipime mara tatu mfululizo uchukue wastani, kwa sababu mashine za nyumbani hubabaishwa na mapigo ya kuruka. Moyo ukidunda tu, ukiwa umekaa na hujisikii vibaya, bandua plasta, pumzika, kisha zungumza na daktari kuhusu kushuka ngazi moja. Nikotini iliyobaki kwenye ngozi huendelea kuingia kwa saa kadhaa, hivyo usitarajie nafuu ya papo hapo. Maumivu ya kifua, kuzimia, kukosa pumzi, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu au ulimi kuwa mzito si mambo ya plasta: ita gari la wagonjwa saa hiyohiyo, na uwaambie wahudumu unatumia dawa gani ya kuzuia damu kuganda na ulimeza saa ngapi.