Miaka miwili na tipa la magurudumu manne mbele

Mpwa wangu alinijia barazani, Changamwe, Mombasa, na picha kwenye simu: gari la Kiitaliano, Covini C6W, magurudumu manne mbele na mawili nyuma. "Mjomba, hiki si kichekesho?" Nikamwambia, mwanangu, kichekesho gani, na mie mwaka wa pili huu nala kwa magurudumu manne ya mbele?

Tipa langu, tulilonunua mkono wa pili mimi na kakangu, lina tairi 12. Nane ziko nyuma, mbilimbili, na nne mbele kwenye ekseli mbili, yaani vyuma viwili vya kubebea magurudumu, zote zinafuata usukani. Kabla yake niliendesha la tairi 10. Kazi ni ileile, mchanga na kokoto, mara nyingi kutoka ng'ambo ya Mariakani kuja mjini au kwenda Dongo Kundu.

Nianze na mzigo, maana ndio uliofanya ekseli ya pili iwekwe pale. Mizani ya Mariakani, ile ya kupimia malori barabarani, haitazami uzito wa jumla peke yake, inapima na uzito wa kila ekseli. Ekseli moja ya usukani mwisho wake tani 8, zile mbili za nyuma kwa pamoja tani 18. Na lori la zamani, ukifunga breki mara mbili tatu za nguvu mchanga unasogea mbele, na ukiwa umechotwa mbichi bado una maji ndiyo balaa. Ukifika mizani nyuma kuko sawa, mbele kumezidi. Basi mie na taniboi tunapanda juu na sepetu, jua la saa saba, kuurudisha nyuma. Hili la sasa uzito wa mbele unagawanywa. Tangu tulichukue sijashika sepetu mizani hata siku moja.

Halafu kuna siku ile ya Mazeras. Nateremka na mzigo, tairi la mbele kushoto likapasuka, mlio kama baruti ya machimboni. Usukani ukavuta kidogo, nikaukaza, nikashusha gia, nikasimama kando. Taniboi alikuwa bado anauliza ni nini. Lori la zamani lilipopasukiwa vivyo hivyo karibu na Miritini, lilinitoa nje ya lami na kilichoniokoa ni kichaka. Wanaoyatetea magari kama Covini wanasema hayohayo: moja likifa, mwenzake bado anashika njia na breki. Hapo nawaamini.

Sasa machungu. Ekseli mbili za mbele hazipindi sawa. Ya kwanza hupinda zaidi, ya pili kidogo, kwa kuwa iko karibu na kitovu cha mzunguko. Zimeunganishwa kwa fito za chuma, na bushi za viungo vyake zikilegea kila ekseli inataka njia yake. Tairi za ekseli ya pili zinalika upande mmoja kama ndala za mtu anayeburura mguu. Nilitupa mawili kwa miezi minne, shilingi 38,000 kila moja. Gereji niliyokuwa nikienda walinipimia ekseli ya kwanza tu, kila mara wananiambia gari liko sawa! Fundi mwingine ndiye aliyelala chini, akatikisa fito kwa mkono, akacheka.

Na mchangani usijidanganye. Magurudumu ya mbele hayasukumi, yanasukumwa. Kuna kiwanja Kisauni, baada ya mvua, nilizama nikatolewa kwa kamba, na la tairi 10 likapita kwa pembeni likinipigia honi.

Kijana hakukubali kushindwa, akaleta Tyrrell P34, gari la Uingereza la mashindano ya Formula One. Mhandisi Derek Gardner aliliwekea magurudumu manne madogo mbele, ya inchi 10, yajifiche nyuma ya bawa la mbele na kupunguza upinzani wa upepo. Mwaka 1976 huko Anderstorp, Uswidi, Jody Scheckter alishinda nalo na Patrick Depailler akawa wa pili, na la aina hiyohiyo. Lakini timu nyingine zote zilitumia tairi kubwa mbele, kwa hiyo Goodyear, waliotengeneza tairi hizo, hawakuziendeleza zile ndogo kwa kasi ileile. Mwaka 1977 gari likabaki nyuma, likaachwa. Kuanzia 1983 kanuni za mashindano zikataka magurudumu manne basi. Nilicheka peke yangu. Kumbe nao waliumizwa na tairi!

Gari la watu wawili na begi moja, kama hiyo Covini, silioni na haja hiyo. Uzito wa kugawanya uko wapi? Utalipia tairi mbili zaidi na fito za kulegea, ungojee siku ya pancha.

"Lako je, ungelinunua tena?"

Ningelinunua. Ila safari hii, kabla ya kutoa pesa, ningelala chini mwenyewe nizishike zile fito kwa mkono.