“Sisi tunauza intaneti, hatuuzi gemu”: uzoefu wangu na mtandao wa nyumbani

Sentensi hiyo niliambiwa kwa simu na kijana wa huduma kwa wateja, usiku, baada ya kusubiri dakika 34 nikisikiliza wimbo uleule wa tangazo lao, na tangu siku hiyo imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nakiri mapema kwamba haya si maandishi ya mtu aliyetulia. Nimejaribu kuyaandika mara mbili nikiwa nimepoa, na mara zote mbili nilipofika kwenye maneno hayo nilijikuta nimepanda tena.

Nina miaka 47, ni mhasibu, naishi Tabata, na ninacheza gemu. Mdogo wangu anafanya kazi Muscat, na kwa miaka kadhaa sasa tunakutana kwenye mchezo wa mpira wa PlayStation kila Alhamisi usiku, saa tatu kwa saa za Dar es Salaam na saa nne kwao, kwa kuwa Ijumaa huko ni siku ya mapumziko. Hatupigiani simu sana. Habari za mama, za shamba la Kisarawe na za nani kaoa tunapeana humo humo, mmoja akimsubiri mwenzake apige kona. Asiyeelewa kwa nini mtu mzima anaweza kukosa usingizi kwa sababu mechi imekatika, basi nadhani hana ndugu aliye mbali.

Miezi ya mwanzo sikuwa na neno na kampuni iliyoniunganishia intaneti ya nyumbani, na nitasema ukweli, niliwasifia hata kazini. Halafu, sikumbuki vizuri kama ilikuwa katikati ya masika au yalipokuwa yakiisha, mechi zikaanza kuganda. Kuna moja sitaisahau. Nilibonyeza kitufe cha shuti, mshambuliaji wangu akasimama ndani ya boksi kama mtu aliyeulizwa swali la kodi, kipa akauokota mpira miguuni mwake, akaurusha, na mpira ukiwa umeshavuka katikati ya uwanja ndipo mshambuliaji akapiga shuti la hewani. Mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata hakucheka, kwa sababu tulikatika mara tatu, na mara ya tatu akaniandikia: “Kaka, tulale tu.”

Kabla sijampigia mtu yeyote nilimaliza yote yaliyo ndani ya uwezo wa mwenye nyumba. Nilizima ruta nikaiwasha. Nilikwenda Kariakoo nikanunua waya wa mita 15 na kuutandaza pembezoni mwa ukuta hadi kwenye televisheni, ili nisitegemee Wi-Fi, maana mtaani kwetu kila nyumba ina ruta yake na zote zinagombania masafa yaleyale. Waya ulisaidia kidogo. Kisha niligundua kwamba simu ya binti yangu ilikuwa ikipandisha mtandaoni video za harusi ya shangazi yake, na upandishaji wa namna hiyo ukishajaza njia ya kutokea, pakiti za mchezo, yaani vipande vidogo vya data, hukwama nyuma ya video hizo kama bodaboda nyuma ya lori la mchanga. Nikamwomba aisimamishe hadi saa sita usiku. Pingi, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, ikashuka, ila haikushuka kiasi cha kucheza.

Hapo nikaanza kupima na kuandika daftarini, kwa mazoea ya kazi. Saa kumi na mbili asubuhi, majibu kutoka seva moja ya Muscat yalirudi kwa milisekunde 78. Saa tatu usiku yalirudi kwa 260, mara nyingine 310, na kati ya pakiti 100 zilizotumwa, 6 hazikurudi kabisa. Mwanga ndani ya mkongo, ule uzi wa kioo unaobeba intaneti, husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 huongeza kama milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Muscat ipo takribani kilomita 4,000 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo 78, ukihesabu na kona za njiani, ni haki kabisa, lakini 300 ni safari ya mtu aliyepotea. Nikafuatilia njia ya pakiti hatua kwa hatua. Asubuhi zilipita Mombasa, zikavukia Fujairah, Falme za Kiarabu. Usiku, jina la ruta ya hatua ya saba lilikuwa na herufi “mrs”, na hizo ni za Marseille. Yaani mpira wa kona ninaompigia mdogo wangu ulikuwa unapanda Bahari ya Shamu hadi Ufaransa, unageuka, na kushuka tena bahari ileile kurudi Uarabuni.

Daftari hilo ndilo nililokuwa nalo mkononi siku ya simu. Nilimsalimia kijana, nikampa namba ya akaunti, akaniambia nizime ruta niiwashe. Nikamwambia nimeshafanya. Akasema tufanye pamoja, tukafanya pamoja, yeye akinisubiri na mimi nikitazama taa zinarudi moja moja. Akaniambia nifungue kipimo cha kasi, kikasoma megabiti 19 kwa sekunde kati ya 20 ninazolipia. “Umeona mzee wangu, mtandao uko vizuri.” Nikamweleza, kwa upole ambao leo naujutia, kwamba kipimo kile kinazungumza na seva iliyopo hapahapa Dar es Salaam, kwa hiyo kunijibu kwa hicho ni sawa na kukagua barabara ya Mwanza kwa kuendesha gari hadi Ubungo na kurudi. Nikaanza kumsomea daftari. Nilipofika hatua ya saba akanikatiza.

“Kwani unatumia kufanyia nini hasa?”

Nikasema kucheza. Kukawa na kimya kidogo, na ndani ya kimya kile nilisikia mtu wa pili akicheka. Ndipo akasema: “Sisi tunauza intaneti, hatuuzi gemu, mzee wangu. Kama video zinafunguka, kazi yetu tumemaliza.”

“Mzee wangu” ya kwanza ilikuwa heshima. Ya pili ilikuwa teke. Nimewahi kujiambia kwamba huenda kijana yule alikuwa mwisho wa zamu, ameshatukanwa na watu 50 tangu mchana, na kwamba aliyecheka alikuwa anacheka jambo lake jingine kabisa. Ningekubali maelezo hayo kama bango lao la barabarani, lile ninalolipita kila asubuhi nikienda kazini, lisingekuwa na picha ya kijana aliyeshika padi, mdomo wazi kwa furaha, na maandishi makubwa yanayomwahidi kucheza bila kukwama. Gemu wanaziuza. Wanaziuza hadi utie saini.

Kisha akaongeza, kama mtu anayetupia mbwa mfupa, kwamba pengine mkongo wa baharini una hitilafu. Mkongo wa baharini ukikatika hauhitaji kuambiwa na mtu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu kwa pamoja, nchi nzima ilijua kabla ya chakula cha mchana, na watu waliokuwa hawajawahi kusikia majina hayo waliyatamka siku nzima. Usiku wa simu yangu hapakuwa na lolote la aina hiyo. Palikuwa na kampuni ambayo, kwa hesabu zangu za daftarini, njia yake ya karibu ilikuwa inajaa kila jioni watu wanaporudi nyumbani, na ziada inasukumiwa Ulaya.

Kesho yake asubuhi nikapata ujumbe: “Mteja wetu mpendwa, tatizo lako limetatuliwa. Asante kwa kutuchagua.” Hakuna aliyekuja, hakuna aliyepiga, na nilipopima saa tatu usiku nilikuta Marseille ipo palepale. Siku hiyo ningeulizwa, ningesema msiwaguse watu hawa hata kwa fimbo ndefu.

Nitawatetea katika jambo moja, kwa haraka, kisha nirudi kwenye hasira yangu. PlayStation ilikuwa ikiniambia kwamba NAT yangu, yaani namna vifaa vinavyoshirikiana anwani moja ya intaneti, ni aina ya 3, ambayo humfanya mtu ashindwe kuunganishwa moja kwa moja na wengine, na ndani ya ruta nikakuta anwani inayoanza na 100.64, maana yake ninatumia anwani moja ya nje pamoja na wateja wengine kadhaa. Hilo si hila yao. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani (IPv4) ni takribani bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na Afrinic, shirika la kule Mauritius linalozigawa Afrika, limekuwa likizitoa kwa mgao mdogo tangu Januari 2020. Nilichoshindwa kukimeza ni kuambiwa kwamba naweza kupata anwani yangu peke yangu endapo nitajisajili kama mteja wa biashara na kulipa karibu mara mbili.

Nilipiga tena, nikadai namba ya tiketi kwa maandishi, na nikaeleza bila kupandisha sauti kwamba naihitaji kwa sababu TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, hutaka kwanza uwe umelalamika kwa mtoa huduma mwenyewe. Sijui ni kwa ajili ya herufi hizo nne au ilikuwa zamu yangu tu, lakini siku mbili baadaye pikipiki ilisimama getini na ngazi imefungwa ubavuni.

Aliyeshuka ni binti wa miaka kama 25. “Shikamoo baba, ndiye mwenye tatizo la gemu?” Nikajiandaa kwa dharau nyingine, kumbe aliuliza kama daktari anavyouliza lipi linauma. Aliomba kuona daftari. Alilisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, akafika kwenye zile pakiti 6 na kusema, “Hizi zinapotea hapa hapa nyumbani, hata Ufaransa hazifiki.” Akachomoa uzi nyuma ya kisanduku cha ukutani na kuuchomeka kwenye kijipima chake cha nguvu ya mwanga. Kikasoma hasi 28. Akanieleza kwamba vifaa vya nyumbani huanza kushindwa kuuona mwanga ukifika hapo, na kwamba kwa umbali wangu kutoka kwenye nguzo alitegemea kuona hasi 20.

Tukatoka nje, tukaufuata uzi kutoka kwenye nguzo, tukapita juu ya ukuta, tukafika kwenye dirisha jipya la alumini ambalo fundi wangu mwenyewe, niliyemlipa mwenyewe, alilifunga wakati wa masika. Mkongo ulikuwa umebanwa chini ya fremu na kukunjwa kama kiwiko. Nilitamani ardhi ipasuke. Binti hakusema neno. Aliukata, akamenya ganda, akafuta uzi kwa pamba yenye spiriti, akauweka kwenye kifaa kidogo kilichotoa mlio mdogo kama wa kucha inayokatwa, na kile kipande chembamba kilichodondoka akakiokota kwa karatasi ya gundi na kuniambia nisikiguse, kwa sababu ni kioo na kikizama kidoleni huwezi kukiona. Kijipima kikasoma hasi 19. Nilituma pakiti 100 mbele yake, zikarudi 100.

Kwa hiyo lazima niandike hili, ingawa linanichoma: nusu ya ugonjwa ilikuwa ya kwangu. Kama kijana wa simu angenitumia mtu siku ile badala ya kunihesabia ninachouziwa na nisichouziwa, ningeaibika wiki tatu mapema na kwa furaha.

Kuhusu nusu ya pili, ile ya Marseille, binti alisema hilo si la mafundi wa mtaani, ni la wahandisi wanaopanga njia, na wao huwa hawasomi tiketi za wateja wa nyumbani. Akapiga picha kurasa mbili za daftari kwa simu yake, akamtumia mtu, na kunywa maji. Sikutegemea kitu. Alhamisi iliyofuata, saa tatu kasoro dakika kumi, nilipima kwa mazoea tu: 86. Hatua ya saba ilikuwa Fujairah. Hakuna aliyenijulisha chochote, na mpaka leo sijui kama ni picha zile zilizofanya kazi, au waliongeza uwezo wa njia hiyo kwa sababu zao wenyewe. Usiku ule tulicheza mechi nne. Nilifungwa tatu, na hakuna hata moja niliyoweza kuusingizia mtandao.

Nilikuwa tayari kuwapa nyota nne. Ujumbe wao wa kuomba tathmini ulipoingia, nilibonyeza 4 palepale, nikimfikiria binti na ngazi yake. Dakika chache baadaye nikakikumbuka kile kicheko, damu ikapanda, nikaandika 1. Mfumo ukanijibu kwamba maoni yangu yameshapokelewa na hayawezi kubadilishwa. Basi ieleweke kwamba ile 4 ni ya fundi peke yake. Kampuni naipa 2, na hiyo ni kwa sababu leo ni Jumatano.