TAHADHARI: Anayeuza "vibanda vya ofisi" vya bei nafuu hapa Malindi, msimpe pesa

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu, Mambrui na hata mlioko Lamu, nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu ya aibu. Juzi nikasikia kuna mama mwingine Muyeye ameshatoa pesa kwa mtu huyu huyu, nikaona kunyamaza kwangu ni dhambi. Someni mpaka mwisho, na kama kuna jamaa yako anayetaka kujenga kibanda cha kazi nyuma ya nyumba, mpe habari leo.

Mimi naandika hesabu za vikundi vya kina mama na za maduka mawili hapa mjini. Kazi naifanyia nyumbani, mezani pa kulia chakula, watoto wakiwa wanapita na sahani huku mimi nina karatasi za watu mkononi. Nilijiwekea akiba kupitia chama cha kuwekeana pesa kwa miezi kumi na minne mpaka nikafika shilingi 95,000, nia yangu ikiwa kibanda cha futi 10 kwa 8 uani, sakafu ya saruji, dirisha linalopokea upepo wa kusi, meza moja na kabati la mafaili. Nilitaka kimalizike kabla ya masika.

Picha nililetewa kwenye simu na mtu ninayemwamini, naye alitumiwa na mwingine. Kibanda kizuri, mbao zimenyooka, mabati yanang'aa, nyuma yake mwembe. Bei: 78,000 kila kitu ndani yake, vifaa, usafiri na mafundi wa siku mbili. Nguzo sita za mvinje zilizotiwa dawa, mbao thelathini za sipresi za inchi 3x2, urefu futi 12, mabati ya geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati), plaiwudi ya ndani, mlango na dirisha.

Msidhani nilituma pesa kwa mtu nisiyemwona. Nilipanda tuktuk nikaenda mpaka yadi yake, pale kando ya barabara kubwa. Nikakikuta kibanda cha mfano kimesimama, nikaingia ndani, nikagonga ukuta kwa ngumi. Nguzo zilikuwa nene, bati lilikuwa gumu. Yeye mwenyewe ni kijana mpole, ananiita "mama yangu," anajua kuzungumza na mtu mzima. Nikaridhika.

Nilikuja kujua baadaye kwamba ile yadi si yake. Mwenye yadi humuuzia nguzo mara moja moja na amemruhusu asimamishe kile kibanda hapo. Vitu alivyoniletea mimi havikutoka pale hata kimoja. Hili nawaomba mlishike, maana kila mtu huambiana "nenda ukaone kwa macho yako." Nilikwenda, nikaona. Lakini nilichokiona sicho kilichopakiwa garini.

Akataka asilimia 60 mbele, yaani 46,800. Nikamwomba namba ya till, ile ya M-Pesa ya kulipia biashara. "Till yetu leo ina shida, mama yangu, tuma kwa namba hii." Jina lililotokea kwenye simu halikuwa lake wala la biashara yake, lilikuwa la mwanamke. Akasema ni mke wake, ndiye mwenye kushika hesabu. Nikatuma. Hapo ndipo mahali ambapo ningesimama, leo nisingekuwa naandika haya.

Mzigo uliahidiwa Alhamisi asubuhi. Asubuhi ikapita, adhuhuri, alasiri. Ukafika baada ya magharibi, giza limeshaingia, na hakuja nao yeye, alikuja dereva wa pikapu ambaye kila ukimuuliza anajibu, "Mimi nimetumwa tu." Hakutaka kushusha kabla salio halijalipwa. Alisema ana mzigo mwingine wa kupeleka Mambrui na akirudi na wangu mafuta nitalipa mimi. Nikatuma 31,200 zilizobaki. Vitu vikashushwa haraka haraka, kisha nikapewa karatasi nitie sahihi kwa mwanga wa tochi ya simu. Imeandikwa kwamba mali imepokelewa ikiwa kamili na katika hali nzuri. Nilitia sahihi. Karatasi hiyo ndiyo ngao yake mpaka leo.

Asubuhi nikamwita fundi wetu, mzee aliyejenga nyumba nyingi mtaani kwetu. Mafundi wa muuzaji walikuwa "wanakuja kesho," na hiyo kesho haijafika. Mzee hakusema kitu kwanza. Alinyanyua bati la mita tatu kwa mkono mmoja, akalibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea lisirudi. Akaniuliza, "Bi mkubwa, nani kakwambia hii ni geji 28?" Nikamwonyesha kikaratasi kilichobandikwa, kina namba 28. Akakibandua kwa kucha.

Wengi wetu hatulijui hili: namba ya geji ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3, na geji 32 ni jembamba zaidi ya hapo. Kwa macho huwezi kutofautisha, hasa bati likiwa na mikunjo na rangi. Tulilibeba moja mpaka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, tukaliweka kwenye mizani: kilo nne na robo. Tukaazima geji 28 la urefu ule ule dukani, likakaribia kilo tisa. Nililipia bati nikaletewa nusu yake. Na sisi tuko pwani. Hewa ya chumvi inakula bati nene, sembuse hili ambalo hata zinki yake ni ya kupakwapakwa. Viwanda vinavyojiheshimu huchapa jina lao na geji kwenye bati lenyewe, kwa wino usiobanduka. Kikaratasi si kitu.

Mbao nazo. Mzee alivuta tepu. Tulilipia 3x2, zilikuwa inchi mbili na nusu kwa moja na nusu. Ningeweza kumezea hilo, maana mbao iliyorandwa hupungua kidogo, ila hizi hazikurandwa, zilikuwa na manyoya ya msumeno na bado mbichi, ukizikaza zinapinda zikikauka. Urefu ndio ulionitoa machozi. Futi 12 zilikuwa futi kumi na nusu. Mbao thelathini, kila moja imekatwa futi moja na nusu: futi 45 nimezilipia na hazipo. Tulizipima zote, moja baada ya moja, maana nilikuwa bado natumaini kwamba ni zile za juu tu.

Nguzo zilikuwa kijani kibichi kama za umeme, na ile rangi ndiyo inayotutia imani kwamba dawa imeingia. Mzee akakata ncha ya moja kwa msumeno. Ndani ni nyeupe. Kijani kilikuwa ganda la juu tu, na mkono wake ulibaki na rangi alipoishika. Nguzo iliyotiwa dawa kweli hushindiliwa dawa hiyo kwa mashine ya mgandamizo, ikaingia ndani ya sehemu ya nje ya mti, na ukikata unaiona rangi imezama, haiishii kwenye ngozi. Hizi zilipakwa kwa brashi. Tuliegemeza moja kwenye ua kwa wiki tatu. Mchwa wameshapandisha udongo wao, na juu yake kuna vitundu vinavyomwaga unga. Hebu fikirieni ingekuwa chini ya paa langu, na kompyuta na vitabu vya hesabu za watu vikiwa ndani.

(Hapa niseme jambo kwa kina mama wenzangu. Mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa ya kweli, ile ya kijani, msiyatie jikoni. Dawa hiyo huwa na arseniki, na moshi wake ni sumu. Nimeona watu wakiyaokota kuwa kuni.)

Nilimpigia. Mara ya kwanza alisema atabadilisha. Mara ya pili, "Mama yangu, wewe ndiye uliyetia sahihi." Mara ya tatu simu haikupatikana. Namba ameshabadilisha mara mbili tangu hapo, ndiyo maana hata namba ningeiweka hapa isingewasaidia, na jina nimeliacha kwa polisi, nimeripoti kituoni na nina namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Namba atabadilisha, lakini mchezo wake ni ule ule. Kuna baba wa Watamu alitaka kibanda cha kunyolea, kuna dada wa Mambrui alitaka cha M-Pesa, kuna kikundi cha vijana walitaka banda la kuku. Wote wana ile picha yenye mwembe. Wote waliletewa mzigo baada ya magharibi. Tulipokaa pamoja tukalinganisha ujumbe wa simu, maneno yalikuwa yale yale mpaka ile "mama yangu."

Nilijaribu pia kurudishiwa pesa kupitia M-Pesa. Ule utaratibu wa kupeleka ujumbe kwa 456 ni kwa mtu aliyekosea namba. Mimi sikukosea, nilituma kwa hiari, na pesa zilikuwa zimeshatolewa. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka 333, na nimefanya hivyo, ila msitegemee kwamba pesa itarudi kwa njia hiyo.

Baadaye nilifanya kitu ambacho ningekifanya mwanzo. Nilizunguka maduka matatu na orodha ile ile ya vifaa, geji 28 kweli, futi 12 kweli, nguzo za dawa kweli. Bei ya chini kabisa ilipita 90,000 kabla hujamlipa fundi wala gari. Kwa hiyo 78,000 pamoja na mafundi haikuwa nafuu, ilikuwa bei isiyowezekana. Mwenye bajeti ndogo kama yangu ndiye anayewindwa, kwa sababu ndiye anayetamani iwezekane. Mzee aliniambia njia ya kupunguza gharama bila kudanganywa: kibanda kiwe futi 8 kwa 8, bati liwe geji 30 lakini la kweli, juu yake makuti ili joto lipungue, na vifaa vinunuliwe kidogo kidogo, paa kwanza. Makuti nimeyachukua kwa kina mama wanaosuka kule Gede. Nililipia mia mbili nikahesabu mia mbili, na mawili waliniongeza kwa yatakayovunjika njiani.

Kwa hiyo ukiletewa mzigo wa ujenzi na mtu yeyote, pokea mchana. Ukija usiku, gari na likalale nje mpaka asubuhi, au lirudi, na asikutishe mtu kwa mafuta. Kuwa na fundi wako mwenyewe, tepu, na msumeno wa kukata ncha ya nguzo moja utakayoichagua wewe, si atakayokupa yeye. Bati lipime kwenye mizani. Salio lisitoke kabla ya hapo. Malipo yaende kwa till yenye jina la biashara iliyo kwenye risiti, na jina lisipolingana, funga simu. Bidhaa yenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, unaweza kuihakiki kwa kutuma namba ya alama hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.

Ndugu wa Lamu, nyinyi nawahofia zaidi. Kijana huyu ameanza kuwaahidi watu kwamba atawafikishia mzigo Mokowe, gati la upande wa bara. Mkikubali, mtu wenu aukague Mokowe kabla haujapakiwa chomboni, kwa sababu ukishavuka na kubebwa na punda mpaka mlangoni, gharama ya kuurudisha ni kubwa kuliko hasara yenyewe. Nanyi mnajua vizuri kuliko mimi kwamba mazio, zile nguzo nyembamba za mikoko, si boriti, zile nene. Anaahidi boriti za mikoko kwa bei ya mazio, na mikoko isiyo na kibali cha Huduma ya Misitu ikikamatwa njiani, mwenye hasara ni mnunuzi.

Sisi wanne tulioibiwa tunaandaa madai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na si lazima uwe na wakili. Kama nawe una ujumbe wa malipo uliokwenda kwa jina la yule mwanamke, usiufute. Hifadhi na ile picha yenye mwembe, na karatasi uliyotia sahihi, na bati moja hata kama limebonyea. Jumanne asubuhi tutakuwa kituoni Malindi mjini, tupo na mbao zetu.