Pete zetu za ndoa kutoka kwa sonara wa Mwanga, Kigoma: uzoefu wangu

Wadau wa Kigoma, kama mnatafuta pete au bangili isiyofanana na zile zimejaa madukani, kuna dada sonara yuko Mwanga mfuateni. Mimi na mke wangu tulimpa oda ya pete za ndoa na mpaka leo watu wanatushika mikono sokoni wanauliza zimetoka wapi.

Anachofanya ni kuchukua ile kazi ya waya ya zamani, waya mwembamba wa shaba unazungushwa kwa mkono juu ya singa za mkia wa ng'ombe, bibi zetu walikuwa wanavaa mikononi na miguuni, halafu anaiunganisha na kompyuta. Pete yenyewe ni ya fedha 925, yaani asilimia 92.5 fedha, kilichobaki shaba. Anaichora kwenye laptop anakuzungushia uione pande zote, ukisema punguza hapa anapunguza palepale. Mi nilitaka nyembamba sana akanikatalia, akasema kaka fedha ni laini, wewe mtu wa kushika nyavu hii itapinda, na ni kweli kabisa. Akishamaliza kuchora, printa inatoa pete ya nta, inafunikwa na plasta, inaingia kwenye tanuru nta inayeyuka yote linabaki tundu, humo ndo anamimina fedha. Kumimina hivyo masonara wamefanya tangu enzi na enzi, ila sasa nta inachongwa na mashine.

Sasa kilichonifurahisha zaidi. Mwanzoni tulimwambia achore na ule msokoto wa waya hukohuko kwenye kompyuta ili vitoke pamoja, akatutolea sampuli, jamani ilikuwa safi lakini imekufa, kila mzunguko sawasawa na mwenzake. Akasema mashine tuiachie mfereji, waya niachieni mimi. Basi pete ikatoka na mfereji katikati wenye upana uleule wa msokoto. Tulikaa tukamwangalia akivuta waya kwenye bamba la chuma lenye matundu, kutoka tundu kubwa kwenda dogo, waya ukikakamaa anaupasha moto mpaka unakuwa mwekundu anautumbukiza kwenye maji unalainika, anaendelea kuvuta, mpaka ukawa kama uzi. Halafu anauzungusha kwenye singa kwa kidole gumba na cha shahada, haangalii hata, anaongea na sisi. Ukiisogeza pete karibu na jicho utaona mahali alipokaza na mahali alipolegeza kidogo. Hapo ndo hela yangu ilipoenda na siijutii hata senti.

Shaba ipo nje tu, ndani kote ni fedha, kwa hiyo kidole hakigeuki kijani ukitoka jasho. Ikififia anasema limao na chumvi kidogo, suuza, futa, nimejaribu inang'aa.

Ila nao ukweli usemwe. Yuko peke yake kwa hiyo anachelewa, na umeme ukikatika printa ikiwa katikati ya kazi inabidi aanze upya, kama una tarehe ya harusi nenda mapema sana. Picha anazotuma watsapu zinafanya pete ionekane kubwa kuliko ilivyo, mwambie aweke pembeni ya shilingi mia uone. Na kipimo cha kidole kapime jioni, asubuhi vidole vinakuwa vyembamba, joto la Kigoma mnalijua.

Ana pia hereni za vipande vya mrija, kazifuatisha zile shanga za sofi ambazo karne ya 19 soko la Ujiji walitumia kama pesa, mke wangu kashaweka adivansi. Na faili la pete zetu analo, mmoja akiipoteza ziwani anaweza kumimina nyingine ileile, waya tu ndo atazungusha upya.