Bima ya Meno kwa Anayejilipia Mwenyewe: Mimi Nazipanga Hivi

Bima ya meno ina kioja chake. Bima nyingi hukukinga na hasara kubwa, lakini hii mara nyingi humkinga mwenye kampuni: ukishafika kikomo cha mwaka, yeye anaacha kulipa na gharama iliyobaki ni yako. Ndiyo maana ada ya chini haitoshi kuwa sababu ya kununua. Soma kwanza kikomo, kisha muda wa kusubiri, yaani miezi unayolipa ada kabla kampuni haijaanza kulipia matibabu fulani.

Nafasi ya kwanza naipa bima ya kundi, kama kuna mlango wa kuingilia: kazini kwa mwenzi wako, chama cha taaluma yako au ushirika. Kundi likiwa kubwa hatari inagawanyika, hivyo ada hushuka na muda wa kusubiri mara nyingi hupunguzwa au hufutwa. Uliza kabla hujafungua pochi.

Ya pili ni uanachama wa kliniki. Unalipa ada ya mwaka kwa kliniki moja, unapata ukaguzi, kusafishwa meno na pengine eksirei, pamoja na punguzo kwenye kuziba na kung'oa. Hii si bima, kwa hiyo hakuna fomu za madai wala kusubiri. Ubaya wake ni kwamba umefungwa hapo. Ukihama mji, ada imekwenda. Kwa mwenye meno mazima, ningeichagua hii kabla ya bima ya mtu binafsi.

Bima ya mtu binafsi nimeiweka ya tatu, na hapa ndipo watu wengi huumia. Mkataba wa kawaida hulipa ukaguzi na usafishaji wote au karibu wote, kuziba kwa sehemu kubwa, na kazi nzito kama kofia ya jino au meno ya bandia nusu tu. Kazi hizo nzito mara nyingi husubiri miezi 12.

Tupige hesabu kwa tarakimu za mfano, sarafu yoyote. Ada ni 300 kwa mwaka, kofia ya jino ni 1,200, na 50 za mwanzo unajilipia. Kampuni inatoa nusu ya 1,150 iliyobaki, yaani 575. Wewe unalipa 625. Ukiongeza ada ya mwaka mmoja, umetumia 925, kwa hiyo umeokoa 275. Sasa ingiza ule mwaka wa kusubiri: ada ni 600, jumla 1,225. Umelipa zaidi ya asiye na bima! Usafishaji wa bure ndio unaoweza kurudisha kitu, basi uende kweli ukasafishwe.

Kuna vipengele viwili vidogo vya kuwinda kwenye mkataba. Kimoja kinakataa kulipia kujaza pengo la jino lililong'oka kabla hujajiunga. Kingine ni tofauti ya "mara mbili kwa mwaka" na "mara moja kila miezi sita"; kwa hiki cha pili, ukienda siku chache kabla ya miezi kutimia, dai linaweza kukataliwa.

Na ukishajiunga, kabla ya kazi yoyote kubwa mwombe daktari atume makadirio kwa kampuni, ujibiwe kwa maandishi watalipa kiasi gani.

Kadi za punguzo, unazolipia ili upunguziwe bei kwa madaktari wanaozipokea, zinafunga orodha. Zinapatikana haraka, lakini punguzo la asilimia fulani halina maana kama hujui bei inayopunguzwa. Mpigie daktari wako simu kwanza: anaipokea kadi hiyo?

Kama jino linauma leo, hakuna hata moja kati ya hizi, isipokuwa labda uanachama wa kliniki au kadi ya punguzo, itakayokufaa kwa wakati. Ulizia kliniki ya chuo kinachofundisha udaktari wa meno. Wanafunzi hutibu chini ya usimamizi wa walimu wao na bei huwa ya chini, ila jiandae kukaa kitini muda mrefu.